Folda Mbili za Félicité

Siku niliyostaafu nilisahau kurudisha ufunguo wa chumba cha seva. Niliukuta kwenye mkoba nikiwa nimeshafika nyumbani Kibeta. Kesho yake nikaenda nao stendi, nikamkabidhi kondakta wa basi la Muleba ukiwa ndani ya bahasha. Utumishi wangu uliishia hapo, mikononi mwa kondakta. Vijana niliowaacha hospitalini walinipigia kunijulisha kwamba umefika, kisha mmoja wao akasema, "Mama Zaituni, sasa tuandikie yale mambo ya herufi, maana ukitueleza kwa mdomo tunasahau."

Haya, nimeandika. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa sitaeleza, kwa sababu hayo mnayajua kuliko mimi. Nitaeleza kazi.

Nilianzia Bukoba mjini, katika ofisi ya kampuni ya kahawa karibu na bandari, kama mpiga taipu. Babu yangu mzaa baba alitoka Pangani kwa biashara, akaoa Mhaya, akabaki. Kwa hiyo nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa kingi kuliko kwa majirani, na bosi wangu wa kwanza alidhani mwenye Kiswahili kingi lazima anapiga taipu haraka. Siku ya kwanza niliharibu karatasi nyingi, wakazitumia kufungia sampuli za kahawa mpaka wiki ikaisha. Hakuna aliyenigombeza. Ila kila bahasha ya sampuli iliyotoka ofisini ilikuwa na barua yangu yenye makosa ndani yake, na wanunuzi walizisoma.

Kompyuta zilipoletwa, pamoja nazo alikuja fundi aliyeitwa Mzee Rweyemamu, Mlutheri wa Izigo, mtu wa koti hata jua likiwaka. Ndiye aliyenifundisha kazi. Hakupenda maneno mengi, na alikuwa na tabia ya kunyamaza akikuangalia mpaka ugundue mwenyewe kwamba swali lako halina maana.

Siku moja disketi ilitoka kwa mnunuzi wa Ulaya ikiwa na mafaili ya bei. Kwenye kompyuta ya zamani jina la faili lilisomeka "Café". Nilipolifungua kwenye kompyuta mpya, herufi ya mwisho ilikuwa imeondoka na mahali pake pamekaa mkato. Nikasema disketi imeharibika. Nilikuwa tayari kulibadilisha jina, niliandike upya, mambo yaishe.

"Usiguse," Mzee Rweyemamu alisema. "Zaituni, kompyuta haijui herufi."

"Inajua nini?"

"Namba. Kwenye diski zimeandikwa namba. Kompyuta inachukua namba, inaangalia kwenye jedwali lake, inakuchorea herufi. A mpaka Z majedwali yamekubaliana. Lakini hizi za Wafaransa na Wajerumani zenye vitu juu ya kichwa, kila mtengenezaji aliziweka alipotaka."

"Kwa hiyo jina halijaharibika?"

"Jina liko vile vile. Anayelisoma ndiye ameshika jedwali lisilo lake." Akanielekeza dirishani, kule magati ya bandari yanakoonekana. "Chukua tiketi ya mzigo ya meli ya leo, nenda nayo kwenye ghala la meli ya jana. Namba ipo, mzigo upo. Utapewa mkungu wa mtu mwingine."

Alinifundisha mambo mawili ambayo nimeyafuata mpaka mwisho. La kwanza, usibadilishe jina la kitu ambacho hujaelewa kwa nini kinaitwa hivyo. La pili, kabla hujagusa chochote, kinakili mahali pengine. Vijana wa siku hizi mnayajua yote mawili. Kuyafuata mtu akiwa amesimama nyuma yako anataka jibu sasa hivi ndiyo kazi yenyewe.

Baada ya miaka kadhaa kampuni ilipunguza watu. Mzee Rweyemamu akarudi kwenye kibanja chake Izigo kulima migomba na kahawa, na mimi nikapata kazi hospitalini, wilayani Muleba. Hospitali siitaji kwa jina, mnaifahamu. Nilipanga chumba karibu na barabara kuu, Ijumaa jioni narudi Kibeta.

Pale nilidhani mambo ya herufi zenye alama nimeachana nayo. Kiswahili hakizihitaji, na Kihaya cha kawaida watu wanakiandika bila hizo. Nilikuwa sijafikiria majina. Kagera ina wageni wa karibu. Wagonjwa wetu wengine walizaliwa Burundi, wengine Rwanda, wengine wameoa au kuolewa huku, na watoto wao wanabeba majina ya bibi zao: Thérèse, Désiré, Aimée. Kisha chumba cha eksirei kilikuwa chini ya Sista Bénédicte, mtawa kutoka Bukavu, ambaye kwake alama ile juu ya herufi haikuwa pambo.

"Mama Zaituni," aliniambia wiki yangu ya kwanza, "mutu akikwambia jina yake, unaandika vile alivyosema. Hauko wewe uliyemubatiza."

Nilimwambia kompyuta itatusumbua. Akasema kompyuta inalipwa umeme, ifanye kazi.

Ilitusumbua. Seva mpya ilipofungwa, asubuhi ya kwanza majina yote yenye alama yalitokea kwenye skrini ya mapokezi yakiwa yameota vitu: Thérèse alikuwa ThÃ©rÃ¨se. Nesi wa mapokezi alitoka mlangoni kumwita, akaanza, "Tha… Tha…", akaliangalia tena, akainua kichwa na kusema, "Yule mama wa Biharamulo mwenye kitenge cha kijani, karibu." Mama akaingia. Hilo lilikuwa tatizo jepesi. Seva iliandika kila herufi yenye alama kwa namba mbili, na programu ya mapokezi ilisoma kila namba kama herufi kamili. Nilibadilisha jedwali la anayesoma, majina yakarudi, na sikugusa faili hata moja.

Mara nyingine haikuwa rahisi hivyo. Walikuja mafundi wa mkataba kuhamisha picha za zamani kutoka diski moja kwenda nyingine. Programu yao ilipokutana na herufi isiyoijua iliweka alama ya kuuliza. Kompyuta walizokuwa wanahamishia hazikubali alama ya kuuliza kwenye jina la faili. Basi kila jina la namna hiyo lilirukwa, kimya, na mwisho wa yote skrini ikaandika kwamba kazi imekamilika. Wakafuta diski ya zamani, wakanywa chai, wakaondoka. Picha zile hazikurudi. Tuliwaita wagonjwa wapigwe upya. Wengine walikuja. Tangu hapo neno "imekamilika" kwenye skrini nimekuwa nikilichukulia kama maoni ya kompyuta.

Sasa niwaeleze habari ya Félicité, maana ndiyo mliyoniulizia.

Félicité Kokugonza alikuwa msichana wa darasa la saba kutoka Izigo. Baba yake, Kamugisha, alikuwa mkulima. Mama yake alizaliwa Burundi, na ndiye aliyechagua jina. Mguu wa kulia ulianza kumuuma kwenye muundi, ukavimba, ukatulia, ukavimba tena. Walikuja hospitalini, wakapewa dawa, wakarudi nyumbani, wakaja tena. Mara hii ya mwisho alilazwa akiwa na homa kali na hawezi kukanyaga.

Daktari wa upasuaji, Dokta Mutalemwa, alikuja ofisini kwangu mwenyewe. Kwa kawaida madaktari wanapiga simu.

"Mama Zaituni, shikamoo."

"Marahaba, Dokta. Printa?"

"Si printa." Akavuta kiti. "Nina mtoto wodini. Picha yake ya kwanza ya mwaka jana inaonyesha doa dogo kwenye mfupa. Ya juzi, doa limekula karibu nusu ya muundi. Kitu kinachokwenda hivyo kwa mtoto wa umri ule, naogopa ni kansa. Nimetoa kipande nikakipeleka Mwanza, jibu halijarudi. Homa haishuki. Nikisubiri sana nitachelewa, na nikikata…"

"Ungependa iwe nini?"

"Ingekuwa usaha kwenye mfupa ningefungua, nikasafisha, nikatoa kilichokufa, nikampa dawa za muda mrefu. Mguu ungebaki. Lakini kwa picha hizi mbili siwezi kusema ni usaha. Sasa baba yake anasema mtoto alipigwa picha mara tatu."

"Kompyuta inasemaje?"

"Mbili."

"Na wewe unamwamini nani?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako," alisema.

Niliandika jina kwenye programu ya picha. Ikaja folda moja, na ndani yake picha mbili, ya mwaka jana na ya juzi. Nikaandika jina bila alama, hakuna. Nikajaribu Felista na Felisiti, nikijua mapokezi wanavyosikia majina, hakuna. Nikajaribu jina la ukoo peke yake, ikarudi folda ile ile. Kwa utaratibu wa kawaida ningepiga simu wodini niseme picha ni mbili. Mzee wa watu amechanganya safari, ni jambo linalotokea. Lakini sikuwa nimemsikia mwenyewe akisema, nikaona ni vizuri nimsikie.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi, ameweka sweta ya shule ya binti yake mapajani. Alisimama aliponiona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, baba. Mimi ndiye wa kompyuta. Nieleze hizo picha tatu."

Alieleza bila haraka. Ya kwanza, walipokuja mwanzo kabisa. Ya pili, wakati wa senene, wale panzi wa msimu wa mvua tunaowala. Anakumbuka kwa sababu mvua ilikuwa kubwa, bodaboda iliwashusha barabarani, na Félicité mguu ulikuwa umevimba mpaka hakuweza kuvaa kiatu. Ya tatu, juzi.

"Hiyo ya senene, nani alimpiga?"

"Sista. Yule wa Kongo. Alimwita mwanangu jina lake vizuri, kama mama yake anavyomwita. Halafu akamwonyesha mfupa wake kwenye kompyuta ndogo nyeupe. Mtoto alikuwa analia, akanyamaza aangalie." Akaikunja sweta, akaikunjua. "Mama, waitu, wameniletea karatasi ya kukubali mguu ukatwe. Nimewaambia nipeni mpaka kesho. Mimi si mbishi. Wakisema hakuna njia nyingine nitatia sahihi, ni mwanangu, namtaka akiwa hai. Lakini siwezi kutia sahihi kwa picha mbili na mimi mtoto nilimleta mara tatu."

Nilimwambia nitatafuta. Sikumwambia nitapata, na yeye hakuniuliza.

Kilichonirudisha ofisini kwa haraka ni kompyuta ndogo nyeupe. Ya chumba cha eksirei ilikuwa kubwa na nyeusi. Ile nyeupe ilikuwa mali ya Sista Bénédicte, zawadi ya shirika lake, na yeye wakati huo alikuwa ameshahamishwa kurudi Bukavu. Nilimpigia kwa simu ya intaneti. Mara ya kwanza sauti ilikatika, mara ya pili ikashika.

"Sista, unamkumbuka msichana wa Izigo, Félicité, mguu wa kulia?"

"Yule aliyeniuliza kama mufupa inaumwa yenyewe ao ni nyama?" Alicheka kidogo. "Namukumbuka. Yuko muzima?"

"Yuko wodini. Tunatafuta picha uliyompiga."

"Picha iko. Mimi nilipiga. Siku ile kompyuta ya chumba ilikuwa imekufa, nikatumia yangu."

"Ukaiweka wapi?"

"Kwa seva, kwa folda yake. Niliandika jina mwenyewe, na alama zake zote mbili."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimeanza kuelewa.

Mimi nilijifunza kwamba herufi moja inaweza kuwa na namba tofauti kwenye majedwali tofauti. Hii ilikuwa habari nyingine. Humo ndani ya jedwali moja, hilo hilo la kisasa ambalo dunia nzima imekubaliana kulitumia, e yenye alama inaweza kuandikwa kwa njia mbili. Kuna njia ya kuiandika kama kitu kimoja, e iliyozaliwa na alama yake. Na kuna njia ya kuandika e ya kawaida, halafu nyuma yake alama peke yake, ambayo kompyuta ikichora inaipandisha juu ya e. Kwa jicho hakuna tofauti. Chukua mama mwenye mtoto mgongoni: mmoja akimhesabu atasema mtu mmoja, mwingine atasema wawili, na wote wamemwona mama yule yule. Kompyuta nyeusi ilihesabu mmoja. Nyeupe ilihesabu wawili. Na seva haina jicho. Ililinganisha namba, ikaona hazifanani, ikafungua folda mpya kwa mgonjwa iliyemwona mgeni.

Niliingia kwenye seva yenyewe, si kwa kupitia programu ya picha, nikaomba orodha ya majina yote yanayoanza na F. Folda ya Félicité tuliyokuwa tunaifungua siku zote ilikuwa chini kabisa, baada ya Furaha, kwa sababu é iliyo kitu kimoja ina namba kubwa kuliko herufi zote za kawaida. Nikapanda juu polepole. Frida, Fortunata, Florida, Fidelis. Kati ya Fidelis na Festo, e yake ya kawaida ikiwa imempandisha hadi kwa wenye Fe, alikuwapo Félicité Kokugonza mwingine, jina lile lile, alama zile zile. Yule wa chini alikuwa mbali naye kwa ukurasa mzima, na hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angemtafuta mgonjwa mmoja mahali pawili.

Nilibofya. Seva ikasema folda hiyo haipo. Ilikuwa imeionyesha yenyewe, na inasema haipo. Programu ya picha nayo huiruka folda isiyofunguka, ndiyo maana hata jina la ukoo peke yake halikuileta. Hapo vijana wengi mngebadilisha jina, na nawaelewa. Ningelibadilisha kuwa sawa na lile la chini, seva ingeweza kukataa, au ingeweza kuweka folda moja juu ya nyingine, na sikujua itachagua lipi. Kwa hiyo nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilichomeka diski ya pembeni. Kila folda kwenye seva, zaidi ya jina lake, ina namba ya ndani ambayo haitegemei herufi. Niliitafuta namba hiyo, nikaamuru kinakiliwe kilichomo ndani bila kutaja jina kabisa. 

Ndani ya folda kulikuwa na faili moja.

Nililifungua kutoka kwenye diski ya pembeni. Tarehe yake ilikuwa ya msimu ule wa senene. Mimi sisomi mifupa. Niliona mguu wa mtoto, kijivu juu ya kijivu, na katikati ya muundi pakiwa kama pameliwa na panya. Nilikaa nikiuangalia, nikajiambia kwamba kama ndiyo hii, basi hali ni mbaya na nimemsaidia Dokta kukata. Kisha nikampigia.

Alikuja na mikono bado mibichi kwa sabuni. Niliziweka picha tatu kwenye skrini kwa mpangilio: ya mwaka jana, ya senene, ya juzi. Aliinama. Alizilinganisha moja moja.

"Hii ya katikati ni mbaya kuliko ya juzi," alisema hatimaye.

"Naiona mbaya. Maana yake nini?"

"Hapa mfupa ulikuwa unaoza." Akagusa skrini, kisha akahamisha kidole kwenye picha ya juzi. "Na hapa, unaona huu weupe unaozunguka pembeni? Mfupa mpya. Unajijenga kuzunguka uliokufa. Nilikuwa nalinganisha doa dogo na doa kubwa, nikasema kinakua. Kumbe kilishakua, na sasa kinarudi. Kansa hairudi nyuma yenyewe namna hii."

"Kwa hiyo ni usaha."

"Sisemi nimemaliza. Jibu la Mwanza nalisubiri." Akasimama wima. "Ninachosema ni kwamba kesho sikati."

Tulikwenda wote wodini. Kamugisha alikuwa bado kwenye benchi. Dokta alikaa karibu naye, akamweleza kwa Kihaya, taratibu, kwamba picha ya tatu imepatikana, kwamba atafungua mguu na kuusafisha badala ya kuukata, kwamba mambo yanaweza bado kubadilika. Kamugisha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza neno moja.

"Mguu?"

"Kwa sasa unabaki."

Alichukua ile karatasi ya kukubali kutoka mfuko wa shati, akaikunja mara nyingine ikawa ndogo zaidi, akamrudishia Dokta. "Mwakola, waitu," alishukuru kwa heshima ya Kihaya. Akainuka na sweta yake, akaingia wodini kwa mtoto. Kwangu hakusema kitu, na sioni kwa nini angesema. Yeye ndiye aliyetuambia.

Dokta Mutalemwa alifungua, akatoa usaha na vipande vya mfupa uliokufa. Jibu la Mwanza lilikuja baadaye: hakuna kansa. Félicité alikaa wodini muda mrefu, akaondoka na magongo, na mguu ule umekuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Siwaambii ili mseme tulifanya maajabu. Kama picha ile ingepatikana tangu mwanzo, usaha ungetolewa mapema na labda miguu ingekuwa sawa.

Baada ya hapo niliipitia seva nzima kutafuta majina yaliyogawanyika. Kulikuwa na wengine. Wengi haikuwadhuru, picha zao za pili zilikuwa za kikohozi kilichokwisha kupona. Wachache walikuwa wamepigwa mionzi mara mbili bila sababu, kwa kuwa ya kwanza haikuonekana. Mmoja alikuwa mzee aliyefariki, na folda yake ya pili niliifunga bila kumuuliza mtu kama ingebadilisha chochote, maana wa kuulizwa hakuwepo na familia ilikuwa imeshamaliza matanga.

Kikafanyika kikao. Ofisi ya utawala ilitaka alama zote ziondolewe, watu waandikwe kwa herufi za kawaida, basi. Nilikuwa nakubaliana nao. Kwa fundi hiyo ndiyo njia fupi. Lakini nilimpigia Sista Bénédicte nimweleze, kwa adabu tu, kwa vile alianzisha chumba kile. Alinisikiliza, kisha akasema, "Picha ya mutoto ule ilipatikana juu ya nini? Baba yake alikumbuka nani alimwita jina muzuri. Sasa munataka kuliondoa?"

Nilirudi kwenye kikao na pendekezo lingine. Folda ziitwe kwa namba ya mgonjwa peke yake, tarakimu tupu, ambazo majedwali yote yamekubaliana. Jina likae ndani, kwenye taarifa za mgonjwa, na alama zake zote, ili anayeita mlangoni aite mtu kama anavyoitwa. Na programu ilinganishe majina baada ya kuyaweka yote katika njia moja ya kuandika. Walikubali, hasa kwa sababu walitaka kwenda kula. Ndiyo mfumo mnaoutumia mpaka leo. Mkipata mtu wa kuwauzia mfumo mpya, muulizeni kwanza anaandika é kwa njia gani. Akisema tatizo hilo halipo tena siku hizi, mpeni majina ya wagonjwa wetu ayajaribu mbele yenu.

Félicité alirudi kwa uchunguzi wakati magongo ameshayaacha. Dokta alikuwa chumba cha upasuaji, akaagiza msichana asubiri kwangu, nami nizifungue picha ili yeye Dokta akija azione zote. Aliingia akichechemea kidogo, amerefuka, akanisalimia, akakaa. Niliziweka picha kwenye skrini, sasa zikiwa nne, na ya mwisho ni mfupa mzima wenye kovu.

"Ni mimi wote hawa?" aliuliza.

"Ni wewe."

Alisogeza kiti. Nilimweleza kwa ufupi kuhusu folda mbili, jinsi e yake ilivyoandikwa kwa njia mbili na seva ikamfanya watu wawili. Nilikuwa nimelieleza jambo hilo mara nyingi mpaka nikawa na maneno yangu tayari, pamoja na yule mama mwenye mtoto mgongoni. Alisikiliza kwa heshima, kama watoto wanavyomsikiliza mwalimu wa somo ambalo halimo kwenye mtihani. Kisha akanyoosha kidole, akakiweka juu ya picha ya pili, ile iliyokuwa imepotea.

"Hapa nilikuwa silali," alisema. "Mama alikuwa ananishika mguu usiku kucha, akichoka baba anashika."

Mimi nilikuwa nimeitazama picha ile kuliko mtu yeyote pale hospitalini. Nilikuwa naijua kwa jina, kwa njia zake mbili za kuandikwa, na kwa namba yake ya ndani. Nikaitazama tena. Dokta alipoingia alinikuta bado naitazama hiyo hiyo moja.